Kumi na Sita na Kitu

Ilizaliwa kumi na saba.
Nyundo ikaufinya mdomo, tupa ikausawazisha,
ikawa kumi na sita na kitu,
kipimo kisichouzwa dukani,
kwa sababu chumvi ya Gongoni inapokula nati
haiulizi kiwanda kilitaka nini.

Shingo imekunjwa mara mbili,
kushoto, kisha juu,
kama mkono wa mtu anayejikuna pasipofikika.
Moto: makaa ya vifuu.
Upepo: pampu ya baiskeli, na mpigaji mimi.
Fuawe: kipande cha reli
ambacho Kahindi hakusema alikitoa wapi
(Malindi haina reli).

Iliundwa kwa nati moja tu,
nyuma ya giaboksi ya lori la Bahero,
Bedfodi la kijani lililobeba chumvi
mpaka bodi yake ikatoka jasho jeupe.
Kuishusha giaboksi: siku mbili, wanaume wanne, na chai yao.
Kwa spana hii unalala juu ya katoni,
unafumba macho, maana kule macho ni abiria tu,
unapeleka mkono hadi kiwikoni,
unazungusha kidogo, unachomoa, unarudisha.
Mara arubaini na moja. Nilihesabu.

Ndivyo nilivyopata kazi.
Nilikuja na cheti ndani ya bahasha ya kaki.
Kahindi akasema, "Hicho kiweke, Nyevu.
Nionyeshe kiwiko."

Gereji yetu ya Kisumu Ndogo haikuwa na sanduku la vyombo.
Ilikuwa na ukuta wa mabati, na misumari.
Springi ya Pijo iliyogeuzwa makucha ya kung'olea beringi.
Kipande cha msumeno cha kupimia mwanya wa plagi.
Boriti ya mkoko iliyokuwa jeki kabla hatujapata jeki,
na baada ya jeki kuibwa ikawa jeki tena.
Bisibisi ndefu ya kusikilizia injini,
ncha kwenye chuma, mpini sikioni,
mpini uling'aa kwa masikio ya watu.

Na miwani ya kuchomelea:
miwani ya jua ya watalii, jozi mbili,
moja juu ya nyingine, zimekazwa kwa mpira wa tyubu.
Nayo ilifanya kazi. Miaka kumi na mmoja.
Siku hizi Kahindi anaona kingo za vitu.
Katikati, anasema, pana sarafu nyeupe
ambayo hakuna wa kumpa.

Lori la Bahero lilikatwa vipande, likauzwa kwa kilo.
Nati ile ikaenda na bolti yake, imekaza.
Niliikaza mimi.
Spana ikabaki msumarini.
Wateja walidhani ni kulabu ya nyama.

Juzi ikaja pikapu ya samaki kutoka Ngomeni.
Barafu imeyeyukia chini miaka yote, chumvi tena,
nati imejificha nyuma ya stata.
Mdomo ukakubali. Shingo ikakataa.
Nikawasha vifuu.

"Umetia nini motoni?" Kahindi akauliza toka kitini pake,
maana anajua mlio wa kila chuma
kinapotoka kwenye msumari wake.
Nikamwambia.
Akanyamaza hadi makaa yakaalika mara mbili.
"Hujaitia kaburini," akasema. "Pinda."

Ilipopoa nikamwekea kiganjani.
Kidole kikapita mkunjo wa kwanza, kikapita wa pili,
bila kubisha hodi, kama mtu wa mtaa.
Kwenye wa tatu kikasimama.
"Umezidisha. Unene wa kucha."

Nilitaka kumbishia.
Nikarudi chini ya pikapu, nikafumba macho, nikajaribu.
Imezidi. Unene wa kucha.

Nilipotoka, naye nimemkuta chini,
miguu ameikunja mbele ya moto,
mkononi ameshika pampu.